Jinsi ya Kumwomba Mbunge Aipanue Bima ya Afya kwa Familia Zisizo na Uwezo

Mbunge yeyote wa Kenya anayerudi eneobunge lake siku ya Ijumaa hukuta watu wanamngoja na bili za hospitali mkononi. Mmoja anataka kumtoa mama yake wodini, mwingine ameambiwa maiti haitatoka mochari mpaka deni lilipwe, na wa tatu ameshika kadi ya harambee. Mheshimiwa hutoa elfu mbili hapa na elfu tano pale, watu humshukuru, na Ijumaa inayofuata foleni huwa ni ile ile yenye sura nyingine. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kumwendea mbunge huyo huyo kwa ombi la namna nyingine, yaani autumie uwezo aliopewa na kura zao, wa kutunga sheria na kupitisha bajeti, ili familia zisizo na uwezo zilipiwe bima ya afya na serikali badala ya kuutegemea mfuko wake wa shati.

Fahamu kwanza unachokiomba

Watu wengi huenda kwa mbunge wakasema matibabu ni ghali, naye hukubaliana nao kwa moyo mkunjufu, na mazungumzo yakaishia hapo. Anayetaka kusikilizwa lazima aujue mpango wenyewe ulivyo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini mwezi Oktoba 2023, ikaiondoa NHIF, yaani bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kila mtu anaiita SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Mpango huo una mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza hulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, na pesa zake hutoka katika hazina ya serikali, kwa hiyo mgonjwa hatakiwi kutoa mchango, ila awe ameandikishwa. Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, ambayo hulipia kulazwa, kupasuliwa na kujifungua, na huo huendeshwa kwa michango ya wanachama. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, nao pia hutegemea hazina.

Shida iko katika mfuko wa pili. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kila mwezi hata kabla hajayaona. Asiye na mshahara huulizwa maswali mengi kuhusu nyumba yake imeezekwa kwa nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa, na hakuna anayepangiwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kiasi hicho si kikubwa mtu akikisikia redioni. Jirani yangu mmoja hukaanga mahamri alfajiri. Akishaondoa gharama ya unga, mafuta, nazi na kuni hubaki na shilingi mia mbili siku ikiwa njema, na siku ya mvua hubaki na mahamri. Mtu kama huyu hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Mwaka 2025 ulizinduliwa utaratibu wa kukopeshwa mchango huo na kuurejesha polepole, jambo ambalo limewafaa baadhi ya wafanyabiashara wadogo, lakini kwa anayekula kwa kibarua cha siku huo ni mkopo juu ya mikopo mingine aliyo nayo dukani.

Hapa ndipo penye neno ambalo wanasiasa hulitumia vibaya, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua sana. Kuandikishwa si kulipiwa. Kufikia mwaka 2025 walioandikishwa walizidi milioni 20, na idadi hiyo hutajwa jukwaani kana kwamba wote wana bima, ilhali aliyeandikishwa bila mchango wake kulipwa hutibiwa zahanati na kukwama kwenye mlango wa wodi. Ukimsikia mheshimiwa akitaja idadi ya walioandikishwa, muulize kwa upole ni wangapi kati yao ambao michango yao ya mwaka huu imelipwa.

Jambo la mwisho la kulijua ni kwamba sheria yenyewe tayari imewafikiria wasio na uwezo. Inasema kwamba familia zinazohitaji msaada zitalipiwa michango na serikali, kwa pesa zilizotengwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2025 serikali ya kitaifa ilitangaza mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2. Katiba nayo, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu. Kwa hiyo usimwombe mbunge akutungie haki mpya, kwani haki hiyo imeandikwa tangu 2010. Unachomwomba ni fungu la pesa litakaloifikisha haki hiyo katika wadi yako, na utaratibu ulio wazi wa kuamua nani alipiwe.

Omba jambo moja

Nimeona memoranda zenye madai kumi na saba, kuanzia mishahara ya madaktari hadi barabara ya kwenda hospitali, na sijaona hata moja iliyofika mbali. Chagueni jambo moja ambalo mbunge anaweza kulifanya kwa mikono yake mwenyewe. Mnaweza kuomba fungu la kuwalipia wasio na uwezo liongezwe katika bajeti ijayo. Mnaweza pia kuomba sheria au kanuni zirekebishwe ili asiye na mshahara aruhusiwe kulipa kila mwezi kama anavyolipa mwenye mshahara, bila kupitia mkopo. Au mnaweza kuomba kwamba orodha ya wanaolipiwa iwe na njia ya rufaa inayoeleweka, kwa sababu maswali yale ya kupima uwezo humpa mjane mwenye nyumba ya bati aliyoachiwa na marehemu mumewe kiwango kikubwa kuliko hali yake. Kwa maoni yangu fungu la pesa ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa lina tarehe na lina tarakimu, na mwisho wa mwaka litaonekana au halitaonekana.

Usitegemee sana hoja kubwa za kimataifa. Azimio la Abuja la 2001, ambalo nchi za Afrika ziliahidi ndani yake kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, ni hoja ya kweli, lakini mbunge amekwisha kulisikia mara nyingi na halimnyimi usingizi. Kinachomfanya mbunge akae sawa kitini ni idadi ya familia katika wadi zake.

Idadi hiyo lazima mwihesabu nyinyi. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, na hao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba na kujua ni mlango gani una mgonjwa. Zungumzeni nao pamoja na wazee wa mtaa, viongozi wa vyama vya akina mama, imamu na mchungaji, halafu mhesabu familia zilizoandikishwa na zisizolipiwa. Tuseme mmepata familia 412. Zidisheni kwa shilingi 3,600 na mtapata shilingi 1,483,200 kwa mwaka, ambazo ni kiasi ambacho mbunge anaweza kukilinganisha kichwani mwake na alichokitoa kwa bili za hospitali za wadi ile ile mwaka uliopita. Akifanya hesabu hiyo mwenyewe kimya kimya, mmekwisha kusema nusu ya maneno yenu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Msiandike majina ya wagonjwa na maradhi yao kwenye karatasi itakayozunguka, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda habari za afya za mtu, na kwa sababu mtaa ni mtaa. Idadi inatosha. Kama kuna mtu aliye tayari kusimulia yaliyompata kwa hiari yake, na aje asimulie kwa kinywa chake mwenyewe.

Ujue ni mlango gani wa kubisha

Bunge la Kitaifa, lenye wabunge 349, ndilo linaloamua pesa za serikali ya kitaifa zitumikeje, kwa hiyo ombi la kuongeza fungu la kulipia michango hupelekwa huko. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti ni mbunge kamili katika idadi hiyo, ingawa watu humsahau, na mara nyingi ana nafasi zaidi ya kusikiliza kuliko mbunge wa eneo. Seneti inafaa pale ombi linapohusu mgao wa kaunti zote 47 au sheria inayogusa kazi za kaunti.

Bunge la Kaunti lisidharauliwe. Hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na serikali ya kaunti inaweza kutenga pesa zake yenyewe kuwalipia wakazi wake. Makueni ilianzisha mpango wake mwaka 2016, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti hiyo, kwa hiyo mwakilishi wa wadi anayewaambia kwamba kaunti haina uwezo wa kufanya jambo kama hilo anaweza kukumbushwa kwa adabu kwamba limewahi kufanywa, tena katika kaunti isiyo tajiri.

Kuandika ombi lenyewe

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na utaratibu umewekwa na sheria ya mwaka 2012. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimeona watu wakimtafuta mtu wa kuwatafsiria, wakamlipa, na hoja zao zikarudi zimepoteza makali. Andikeni kwa lugha mnayoitumia kugombania bei sokoni, ila kwa ufasaha na kwa heshima, maana sheria inakataza lugha ya matusi au ya hasira.

Ombi likiwa na kurasa zaidi ya moja, kila ukurasa lazima uonyeshe linahusu nini. Lisiwe na maneno yaliyokatwakatwa au kuongezwa juu ya mstari. Liseme kama mmejaribu kupata suluhisho katika ofisi inayohusika na mkajibiwa nini, liseme kama jambo hilo liko mahakamani, na limalizike kwa kueleza waziwazi mnaloomba Bunge lifanye. Kila mwombaji aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, kisha atie sahihi, au alama ya kidole gumba kama haandiki.

Ombi la kwanza nililosaidia kuliandaa lilirudishwa, na kosa lilikuwa letu. Tulikaa kwenye baraza ya madrasa jioni mbili, akina mama wakichovya kidole kwenye kidau cha wino na kukipangusa kwa pindo la leso, na mmoja wetu akaona ni vyema kubandika risiti za hospitali nyuma ya karatasi ili wakubwa wasadiki. Hatukujua kwamba ombi halitakiwi kuambatanishwa na barua wala hati nyingine. Risiti zina mahali pake, napo ni siku ya kuitwa mbele ya kamati, ambapo mnaweza kutoa ushahidi wote mlio nao. Ilitubidi kuanza upya kukusanya sahihi, na watu watatu kati ya waliotia kidole mara ya kwanza walikuwa wamekwisha kuhama.

Sehemu ya mahakama inahitaji uangalifu wa pekee. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii pamoja na nyingine mbili za afya zilikwenda kinyume na Katiba, ikitaja miongoni mwa sababu kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, na mwezi Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Chunguzeni kesi hizo zimefika wapi siku mnayoandika, na mtenganishe wazi ombi lenu na mabishano kuhusu uhalali wa sheria. Kuongeza fungu la bajeti ni jambo lake peke yake, nanyi mkilichanganya na kesi mtampa karani sababu nyepesi ya kuliweka kando.

Kiini cha ombi kinaweza kuandikwa hivi, mkiweka idadi na tarehe zenu:

«Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa wadi iliyotajwa juu, tunalifahamisha Bunge kwamba familia 412 katika wadi yetu zimeandikishwa katika SHA lakini michango yao ya mwaka haijalipwa kwa kukosa uwezo, kwamba kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu, kwamba tuliziandikia ofisi zinazohusika na hatukupata jibu la kuridhisha, na kwamba jambo tunaloliomba haliko mbele ya mahakama yoyote. Kwa hiyo tunaliomba Bunge la Kitaifa lichunguze jinsi familia za kulipiwa na serikali zinavyochaguliwa, na lipendekeze fungu la kulipia michango yao liongezwe katika makadirio ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha.»

Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge, ama na nyinyi wenyewe, ama na mbunge kwa niaba yenu. Mkipata mbunge wa kuliwasilisha ni afadhali, kwa sababu jina lake litaingia katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, pamoja na jambo lenu, na mbunge hapendi jambo lenye jina lake life kimya. Likishasomwa na kupelekwa kwa kamati, kanuni za Bunge zinaipa kamati idadi maalumu ya siku za kulijibu. Hesabuni siku hizo kwenye kalenda ya ukutani.

Wakati wa kuomba

Ombi zuri lililofika Julai ni ombi la mwaka mwingine, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na pesa zimekwisha kugawanywa. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, na hapo ndipo viwango vya jumla vya kila sekta hukubaliwa; makadirio yenyewe hufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo hesabu ya familia ifanyeni Septemba na Oktoba, ombi lifike kwa karani kabla ya Krismasi, na Januari mmwone mbunge ana kwa ana. Kwa kaunti, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na jambo lisilomo katika mpango huo huwa gumu sana kulipatia pesa baadaye.

Mkionana naye uso kwa uso

Nendeni watu wanne au watano, si basi zima. Kundi kubwa humfanya mbunge ahutubie, na mnachotaka ni asikilize. Mmoja azungumze, na awe mtu ambaye jambo lenyewe limemfika, akisindikizwa na mzee anayeheshimika na mhudumu wa afya anayeweza kujibu maswali ya idadi. Karatasi iwe moja. Baada ya salamu, na salamu zisikatizwe kwa haraka, msemaji anaweza kuanza hivi: «Mheshimiwa, leo hatukuja na kadi ya harambee.» Nimeliona neno hilo likimfanya mtu aweke simu chini.

Baada ya hapo mwelezeni idadi, gharama na ombi lenyewe, kisha mnyamaze. Akitoa pesa mfukoni, mshukuruni na mkatae kwa upole, na mseme kwamba zile za bajeti ndizo zilizowaleta. Akisema atalifuatilia, mwulizeni atalifuatilia kwa njia gani: kwa kuliwasilisha ombi, kwa kumwuliza waziri swali Bungeni, au kwa kuzungumza na kamati ya bajeti, na lini. Jibu lake liandikwe pale pale mbele yake, na siku ya tatu mpelekeeni barua fupi ya kumshukuru inayoyarudia maneno yake kama alivyoyasema, nakala moja ibaki kwa katibu wenu.

Msaidizi wake pia ni mtu wa kumjua kwa jina. Ndiye anayepanga miadi, ndiye anayesoma barua kwanza, na katika ofisi nyingi ndiye anayekumbuka ahadi.

Makadirio yakifika Bungeni mwishoni mwa Aprili, kamati ya bajeti hulazimika kupokea maoni ya wananchi kabla ya kuandika ripoti yake, na kwa kawaida huwa na vikao katika kaunti mbalimbali mwezi Mei. Fikeni mapema mjiandikishe, mkiwa na ile karatasi moja na zile risiti mlizozuiwa kuziambatanisha. Tafuteni katika vitabu vya makadirio mstari wa fungu la kulipia wasio na uwezo, mlinganishe na wa mwaka uliotangulia, na kama tarakimu ni ile ile, isomeni kwa sauti mbele ya kamati, kisha msome idadi ya familia zenu.